Wanaulizwa hadharani, na bado wanakwepa

Jumatatu ya tarehe 23 Juni 2025 nilikuwa mapumzikoni kazini, kwenye nyumba ya kulea wazee hapa Kaiserslautern, naangalia kwenye simu mkutano wa serikali na waandishi wa habari kutoka Berlin. Usiku wa kuamkia Jumapili ndege za Marekani zilikuwa zimevipiga vituo vya nyuklia vya Iran: Fordow, Natanz na Isfahan. Waandishi walitaka kujua jambo moja tu. Serikali ya Ujerumani inaona shambulio lile ni halali kwa sheria ya kimataifa, au si halali? Jibu likaja kuhusu hatari ya Iran kupata bomu la nyuklia. Swali likarudi. Jibu likaja kuhusu umuhimu wa mazungumzo. Ndiyo haikutoka, hapana haikutoka.

Nilikasirika mpaka chai ikapoa mezani. Na hapohapo nikaona wivu, na wivu huo ndio unaonifanya niandike.

Ukumbi wanaokutania pale si wa serikali. Mkutano ni wa chama cha waandishi wenyewe, tangu 1949. Mwandishi ndiye anayekalia kiti cha mwenyekiti na kugawa nafasi za kuuliza. Wasemaji wa Kansela na wa wizara wanakuja kama wageni, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuwe na vita kusiwe na vita. Msemaji anaweza kukwepa, lakini anakwepa mbele ya watu, na kesho kila mtu anaweza kumwona akikwepa.

Kabla sijaondoka nyumbani niliripotia kituo kimoja cha redio Tanga, kwa hiyo nasema ninayoyajua. Mheshimiwa anafika saa mbili baada ya muda. Anasoma taarifa ambayo tumeshagawiwa. Swali la kwanza linaanza kwa pongezi, la pili linahusu barabara ya kijijini kwa muulizaji, halafu msaidizi anasema muda umetubana, na karatasi ya kusaini posho inaanza kuzunguka. Ukithubutu kuuliza la ziada, unaulizwa wewe: unatoka chombo gani? Mengine mnayajua, na mnajua kilichowakuta wale wanaharakati wageni wawili, Mkenya na Mganda, waliokamatwa Dar es Salaam Mei 2025.

Najua nitakachoambiwa. Ameshakuwa Mzungu huyu. Amekula viazi vya Wajerumani akasahau muhogo. Kumbuka Maji Maji, kumbuka Mkwawa, ndio hao unaowasifia? Ndugu zangu, sijasahau kitu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Songea, na rais wa Ujerumani alipokwenda kuomba msamaha Songea mwaka 2023 nililia. Siwasifii Wajerumani. Nasema kuna kitu kimoja wanacho na sisi hatuna, na kwamba hata wao, pamoja na kuwa nacho, serikali yao imeshindwa kusema sentensi moja.

Tazama mfuatano wenyewe. Tarehe 20 Juni mawaziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, Ufaransa na Uingereza, pamoja na Kaja Kallas, mkuu wa sera ya nje wa Umoja wa Ulaya, walikaa Geneva na mwenzao wa Iran, Abbas Araghchi, kutafuta njia ya mazungumzo. Siku mbili baadaye mshirika wao mkubwa akaangusha mabomu, yale ya kupasua miamba, kila moja lina uzito wa tani 13 na zaidi. Mtu angetegemea wakasirike, walau kwa heshima yao wenyewe. Taarifa ya pamoja ya mataifa hayo matatu ilipotoka, iliitaka Iran irudi kwenye mazungumzo na isifanye jambo la kuzidisha mgogoro. Aliyepigwa ndiye aliyeambiwa atulie. Kuhusu uhalali wa kipigo, kimya.

Friedrich Merz, Kansela wa Ujerumani, ambaye siku chache kabla alikuwa amesema kwamba Israeli inafanya kazi chafu kwa niaba yetu sote, alisema haoni sababu ya kuikosoa Israeli wala ya kuikosoa Marekani. David Lammy, wakati ule waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliulizwa redioni kwao kama shambulio lilikuwa halali, hakusema. Mark Rutte wa NATO alisema hakubali kwamba sheria imevunjwa, na kesho yake Trump akauanika ujumbe ambao Rutte alimwandikia faragha, wa kumpongeza kwa hatua yake Iran. Emmanuel Macron wa Ufaransa peke yake, kati ya wakubwa, alisimama Oslo akasema shambulio lile halina msingi wa kisheria, ingawa naye hataki Iran iwe na bomu. Unaona? Inawezekana kusema yote mawili kwa mkupuo mmoja. Mbingu hazikuanguka juu ya Paris.

Jioni ileile ya Jumatatu Iran ikajibu kwa kurusha makombora kwenye kambi ya Marekani ya Al Udeid, Qatar. Mtoto wa shangazi yangu ni mlinzi Doha. Akatuma kwenye kundi la familia video ya cheche zikipasuka angani juu ya majengo, na sauti yake inasikika akisema, "Jamani, mama asiione hii." Anga ya Qatar ikafungwa. Mama yake, ambaye hajui Fordow iko wapi, alikesha Tanga akipiga simu isiyopokelewa. Kwa hiyo msiniambie haya ni mambo ya wakubwa na hayatuhusu. Walinzi, madereva na wafanyakazi wa ndani wangapi wa Kiswahili wako Ghuba hivi sasa?

Naelewa kwa nini Ulaya inanyamaza, sihitaji kufundishwa. Ukraine iko mlangoni kwao na mitambo ya Patriot ya kuzuia makombora inatoka Marekani. Vitisho vya ushuru vilikuwa vinaning'inia juu ya magari wanayouza. Tarehe 25 Juni, kwenye mkutano wa NATO mjini The Hague, walikubali kupandisha matumizi ya ulinzi hadi asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035, Hispania ikibaki peke yake kusema haiwezi. Hapa ninapoishi sababu naiona kwa macho: Ramstein, kambi ya jeshi la anga la Marekani, iko jirani, Wamarekani na familia zao ni zaidi ya elfu hamsini kwenye eneo hili, na nusu ya wakazi wa mtaa wangu wanaishi kwa kodi na mishahara ya Wamarekani. Hofu ninaielewa.

Kinachonichoma ni kumbukumbu ya Machi 2022. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuilaani Urusi kwa kuivamia Ukraine, nchi 35 zilijizuia, na Tanzania ilikuwa mojawapo, Uganda na Burundi nazo. Kenya ilisimama vizuri, na hotuba ya balozi wao ilinipa fahari kama vile ni wangu. Mimi wiki ile nilihojiwa kazini kama mshitakiwa. Kwa nini nchi yako haisemi? Sheria ya kimataifa si ya wote? Niliwajibu kwamba hata mimi sikubaliani na serikali yangu. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoamini, na ndivyo ninavyoamini leo. Sasa mwaka 2025 nikawauliza wenzangu walewale swali lilelile kuhusu Iran. Wawili walikubaliana nami bila kusita. Mmoja aliniambia hali ni ngumu, kuna mambo mengi ya kuzingatia. Bila shaka yapo. Na Dodoma mwaka 2022 hayakuwepo?

Kibaya zaidi, Ujerumani haiwezi kusema sheria haijui. Katiba yao, kifungu cha 25, inaziweka kanuni za jumla za sheria ya kimataifa juu ya sheria za nchi, na kifungu cha 26 kinaharamisha maandalizi ya vita vya uchokozi. Tarehe 15 Julai 2025 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu kwenye kesi ya Wayemeni wawili ambao ndugu zao waliuawa na droni ya Marekani mwaka 2012. Walitoka Hadramaut. Wenzangu wa pwani nadhani mmeshtuka kama nilivyoshtuka mimi, maana Hadramaut ndiko walikotoka Washihiri wetu, wale waliotuuzia kahawa na kashata Ngamiani kule Tanga, wa Mombasa na Lamu vilevile. Hoja yao ilikuwa kwamba ishara za kuongozea droni zinapitia kituo cha satelaiti cha Ramstein, kwa kuwa kutoka Marekani mawimbi hayawezi kufika Yemen moja kwa moja, dunia ni mviringo. Kwa hiyo Ujerumani inahusika. Mwaka 2019 mahakama ya Münster iliwapa ushindi wa sehemu, mwaka uliofuata mahakama ya juu zaidi ikautengua, na sasa Mahakama ya Katiba nayo ikawakatalia. Lakini ilikiri kwamba, masharti fulani yakitimia, Ujerumani inaweza kuwa na wajibu wa kumlinda hata mgeni aliye nje ya nchi.

Walishindwa, na imeniuma. Ila fikirini: watu wa kijiji cha Hadramaut waliifikisha serikali ya Ujerumani mahakamani kwao, wakasikilizwa kwa zaidi ya miaka kumi, ngazi kwa ngazi, na serikali ikalazimika kujieleza kwa maandishi. Mtu wa Kigoma anaanzia wapi akitaka kuishitaki serikali yake juu ya sera ya nje?

Kuna mzee mmoja ninayemhudumia hapa, alifanya kazi ya ufundi kambini maisha yake yote. Anajivuna kwamba mwaka 2003 Ujerumani iliikatalia Marekani kuivamia Iraq, na kwamba Joschka Fischer, waziri wao wa mambo ya nje, alimwambia Rumsfeld, waziri wa ulinzi wa Marekani, ana kwa ana, Munich, kwamba hajashawishika. Ni kweli, na ulikuwa ujasiri. Lakini ndege za vita vile zilitua na kuruka Ramstein kila siku, na askari wa Kijerumani walilinda mageti. Mzee mwenyewe ndiye aliyenieleza hilo, bila mimi kumuuliza, na akaongeza kwamba wakati ule walau waziri alifungua mdomo.

Hapo ndipo fahari yangu inapoamka. Kwa sababu sisi tulifungua mdomo tukiwa hatuna hata cha kula. Mwaka 1965, Ujerumani ya Magharibi, ya serikali hizihizi zinazojiita rafiki, ilitukasirikia kwa sababu Mwalimu aliiruhusu Ujerumani ya Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Bonn, mji mkuu wao wakati ule, ikaondoa wakufunzi waliokuwa wakijenga kikosi chetu cha anga na cha wanamaji. Ilitegemea tutapiga magoti. Mwalimu akawaambia wachukue na misaada yao mingine ya kiserikali waondoke nayo. Mwezi Desemba mwaka huohuo Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza juu ya suala la Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Nchi yenye uhuru wa miaka minne! Madaktari walikuwa wa kuhesabu, barabara za lami za kuhesabu, na bado ilimwambia mkoloni wa jana kwamba hapana. Uhusiano ulirudi 1968. Hatukufa.

Nikiwasimulia Wajerumani habari hii wanakaa kimya, hawajawahi kuisikia. Nawasimulia kila ninapopata nafasi.

Lakini sitawadanganya nyinyi kama ninavyoweza kuwadanganya wao. Mwalimu alisema kwa niaba yetu, na alisema vizuri, ila nani alimuuliza swali la pili? Mwaka uleule ndio tuliingia rasmi kwenye chama kimoja. Ujasiri ulikuwa wa mtu, na mtu alipoondoka ukaondoka naye. Hakukuwa na ukumbi wowote ambamo aliyemfuata angekaa mbele ya waandishi akabanwa mpaka aseme msimamo wetu ni upi. Ndiyo maana leo hatuna yote mawili: serikali haisemi, na haiulizwi.

Mnataka mfano wa karibu? Januari 2025 Goma, mashariki mwa Kongo, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Askari wa JWTZ, jeshi letu, walikufa kule, wakiwa kwenye kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara jeshi la nchi gani liko nyuma ya M23. Tarehe 8 Februari wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na SADC wakakutana Dar es Salaam, wakatoa tamko la kutaka majeshi ya kigeni yasiyoalikwa yaondoke Kongo. Majeshi ya nani? Tamko halikutaja. Watu wa Goma, wanaosoma Kiswahili hikihiki ninachoandika, wanayajua majeshi yale kwa buti zao, sisi wenyeji wa mkutano tukaona aibu kutaja jina la jirani. Ni kukwepa kulekule kwa Berlin. Rafiki mwenye nguvu amevuka mpaka, na sisi tunaangalia dari.

Mtasema Rwanda ni ndugu, diplomasia ina adabu zake, na mimi niliye mbali sijui ugumu wa ndani. Merz naye anasema hivyohivyo kuhusu Marekani, kwa maneno yake. Kama nimemkatalia yeye ambaye nalipa kodi kwake, siwezi kuwakubalia nyinyi kwa sababu tu tumezaliwa pamoja.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mliobaki kwenye vyumba vya habari, Dar, Dodoma, Arusha kule makao makuu ya Jumuiya yalipo. Mkutano ujao wa waziri, yeyote atakayepewa kipaza sauti kwanza aache pongezi, aulize: majeshi yasiyoalikwa ni ya nchi gani? Akijibiwa kuhusu amani na udugu, wa pili asiulize lake. Aulize hilohilo.