Kijineno "up" Kilivyonipaka Poda

Naomba nianze kwa kujitetea: Kiingereza nakijua. Barua za kazi nimeziandika miaka mingi, na "hereinafter" naiweka mahali pake bila mkono kutetemeka. Neno refu halinitishi hata kidogo. Wanaonimaliza ni hawa wafupi wanaotembea wawili wawili kama vibaka, mmoja anakuongelesha huku mwenzake anakusachi mfukoni.

Sikieni yaliyonikuta. Mimi na mwenzangu tunayetazamana naye mezani tulinuniana wiki tatu nzima kwa sababu ya feni. Yeye anaiweka namba tatu, karatasi zangu zinapaa. Mimi naizima, yeye anajipepea kwa faili langu. Tulifika mahali tunasalimiana kwa kukohoa. Ijumaa jioni bosi akatutumia ujumbe wa mstari mmoja: "You two must make up before Monday."

Nikausoma mara tatu. "Make up" naijua, nani asiyeijua? Si ndiyo ile mekapu iliyojaa kwenye droo za mke wangu hadi mimi nimebakiwa na nafasi ya soksi? Na Jumatatu tulikuwa na ugeni wa wakaguzi. Nikaona mambo yanaingiliana vizuri kabisa: wageni wanakuja, picha zitapigwa, bosi hataki nyuso zinazong'aa mafuta. Agizo ni agizo.

"Baba Zawadi, kulikoni leo?" mke wangu akauliza alfajiri ile aliponikuta mbele ya kioo chake.

"Mama Zawadi, haya ni mambo ya kazini."

Akanitazama, akatazama kikopo nilichoshika, akasema kwa upole kwamba poda ile ni ya rangi yake, na yeye na mimi hatufanani rangi. Nilikuwa nimeshachelewa. Nikajipaka hivyo hivyo.

Sasa mwenzangu ujumbe ule alikuwa ameuelewa. Nilimkuta mlangoni amenyoosha mkono, uso wa mtu aliyeamua kujishusha. "Ndugu yangu, yaliyopita si n..." Sentensi ikafia hapo. Macho yake yalipanda kutoka kidevuni kwangu hadi kwenye paji, yakashuka taratibu, yakasimama pale shingoni, mahali poda ilipoishia na mimi nikaanzia.

Yaliyofuata nitayasema. Kwanza niacheni nigombe.

Jioni ile nilimwita binti yangu aje na kamusi. Akasoma: kujipodoa. "Umeona?" nikasema. "Subiri, baba." Kupatana baada ya ugomvi. Kuzua hadithi. Kufidia muda uliopotea. Kuunda sehemu ya kitu. Kutimiza idadi iliyopungua. Kutandika kitanda cha mgeni. Mfamasia kutayarisha dawa. Kuongeza kuni kwenye moto. Ukikiongezea "your mind" umekata shauri, na Waingereza wakikiongezea "to" na jina la mtu, basi unajipendekeza kwa huyo mtu. Kitenzi kimoja! Kinatandika, kinachochea moto, kinakwenda famasi, kinasema uongo, kisha kinarudi kupatana. Binadamu mwenye kazi zote hizo tungemwonea huruma.

Na utaratibu wake nao ni kama wa mlango mbovu. "Make up a story" ni sawa, "make a story up" ni sawa. "Make it up" ni sawa. Ukisema "make up it" unatazamwa kama uliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Nani alipitisha hilo, na kikao kilikuwa wapi?

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba maneno yanayoeleweka wanayo. Mwaka 1066 watu wa Normandy walivamia Uingereza wakaitawala, na lugha yao ikafungua mlango ulioingiza maneno ya Kifaransa na Kilatini kwa mafungu. Ndiyo maana kabati lao limejaa "reconcile" ya kupatana, "invent" ya kuzua, "compensate" ya kufidia, "constitute" ya kuunda. Bosi angeandika "reconcile" ningempa mwenzangu mkono siku hiyo hiyo, yaishe. (Ingawa neno hilo wahasibu nao wamelikodi kwa kulinganisha vitabu vya hesabu, na kwa bahati yangu ningekwenda kuomba taarifa ya benki.) Maneno hayo wameyavalisha suti, wanayatoa kwenye mikataba na hotuba. Wakikaa kawaida wanarudi kwenye vijineno vyao, na wewe mgeni utajua mwenyewe.

Nikamwambia binti anitafutie visawe, labda nitapata pa kupumulia. Kwenye kuzua akanipa "cook up", "dream up", "think up". Kwenye kupatana akanipa "patch up". Kila ninakokimbilia, "up" imeshafika imekaa kwenye kiti! Na wala haimaanishi juu. Kinywaji ukikimaliza umekinywa "up". Kitu kikiisha kimetumika "up". Dereva akipunguza mwendo ana-"slow down", na akitaka ana-"slow up", na gari halioni tofauti. Fomu unaijaza "in" au unaijaza "out", kalamu ni hiyo hiyo na mistari ni hiyo hiyo.

Samuel Johnson, yule mtunga kamusi, aliandika kwenye utangulizi wa kamusi yake mwaka 1755 kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. 1755! Kwa hiyo taarifa walikuwa nayo. Wamekaa nayo. Jina lenyewe la vitenzi hivi, "phrasal verb", mwandishi Logan Pearsall Smith alilichapisha mwaka 1925, akasema amepewa na Henry Bradley, mhariri wa kamusi ya Oxford. Yaani miaka 170 baada ya malalamiko, tulichopata sisi wagonjwa ni jina la ugonjwa.

Angalia kwetu. "Pata", ukibandika "-ana" unapata "patana", na watu wawili umeshawaona humo ndani wameshikana mikono. Poda haina pa kuingilia. Kiambishi kimekaa mahali pake, hakizururi hadi mwisho wa sentensi.

"Sawa, baba," binti akasema, "na unapopiga pasi, pasi imekukosea nini?"

Nikanyamaza.

"Na kupiga mswaki? Kupiga magoti? Kupiga chafya?"

Nikamwambia hayo ni mambo yetu ya ndani, akalale.

Turudi mlangoni, asubuhi ile. Mwenzangu alijaribu kujizuia, Mungu ni shahidi, alijaribu kwa sekunde nne hivi. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Nikamuuliza kinachomchekesha ni nini, na yeye je, mbona hajatekeleza agizo? Hapo akaanza kulia machozi. Aliponieleza maana, pole pole, kwa kukatiza na vicheko, na mimi nikashindwa, nikacheka hadi poda ikapasuka mashavuni. Akainuka, akasema ngoja amsaidie ndugu yake, akawasha feni namba tatu. Wingu zima likahamia kwenye shati lake jeusi.

Bosi alitukuta hivyo: wawili tumeshikana mabega, mmoja mweupe usoni, mwingine mweupe kifuani. Akasimama. Akatutazama.

"I see you two have made up," akasema, akaenda zake.

Mpaka leo sijui alimaanisha ipi. Lakini alikuwa ananitazama shavuni.