BOD ya siku tano bado ina kazi

Miongoni mwa wanaofundisha na kupima uchafuzi wa maji kuna hoja inayorudiwa sana: kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria huhitaji kuozesha uchafu wa majini, kimepitwa na wakati. Kinachukua siku tano, majibu yake hupishana kati ya maabara na maabara, na wakati huohuo COD, inayopima oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali badala ya bakteria, hutoa jibu ndani ya saa tatu hivi. Mwanafunzi aendelee kukikariri kwa lipi? Hoja hii si ya kupuuzwa, ila mara nyingi hutolewa na watu wanaoitazama BOD kama namba tu, bila kufuata kinachotokea ndani ya chupa.

Kwenye mitihani dalili yake ni jibu hili: "BOD kubwa maana yake maji yana oksijeni nyingi." Ni kinyume kabisa. BOD ni oksijeni ambayo bakteria wataitumia wakiozesha uchafu uliomo. Ikipanda, samaki wamo hatarini.

Chupa yenyewe ni ya mililita 300, na kizibo chake ni cha kioo kilichosuguliwa kibane. Sampuli ya majitaka huzimuliwa kwa maji yaliyoshiba hewa na kutiwa chumvi kidogo za fosfeti, magnesiamu, kalsiamu na chuma, ili bakteria wasikwame kwa kukosa virutubisho. Chupa hujazwa mpaka ifurike, kisha kizibo hushushwa bila kuacha kiputo. Kiputo si jambo dogo. Maji yaliyomo, kwa nyuzijoto 20 za Selsiasi, hubeba takribani miligramu 2.7 tu za oksijeni, na mililita moja ya hewa ina karibu moja ya kumi ya kiasi hicho. Hewa hiyo ikiyeyuka taratibu kwa siku tano, maji machafu yataonekana safi kuliko yalivyo. Chupa hukaa gizani kwa nyuzijoto 20, kwa sababu mwani ukipata mwanga hutengeneza oksijeni na kuvuruga hesabu.

Chukua mfano. Mililita 5 za majitaka zimo ndani ya chupa ya 300. Oksijeni ilikuwa miligramu 8.6 kwa lita siku ya kwanza, na 4.4 baada ya siku tano. Tofauti ni 4.2, zidisha kwa 300, gawanya kwa 5, unapata BOD ya miligramu 252 kwa lita. Jibu linakubalika kwa sababu zaidi ya miligramu 2 zimetumika na zaidi ya 1 imebaki. Chupa iliyomaliza oksijeni yote haikupi kitu, maana huwezi kujua bakteria wangeendelea kula kiasi gani.

Hiyo 252 ndiyo inayostahili kutafakariwa. Maji safi ya nyuzijoto 20 usawa wa bahari hayawezi kushika oksijeni ya hewani zaidi ya takribani miligramu 9.1 kwa lita. Basi lita moja ya majitaka hayo ina uwezo wa kumaliza oksijeni yote ya karibu lita 28 za maji safi. Maji yakipata joto la nyuzi 30, hushika takribani 7.6 tu, na lita ileile sasa inahitaji zaidi ya lita 33. Joto huongeza pia kasi ya bakteria, kwa hiyo akiba inapungua huku matumizi yakipanda. Ni kweli mto huvuta oksijeni nyingine kutoka hewani, na wenye maporomoko huvuta haraka. Wenye kina na mwendo wa polepole hauwahi kuirudisha. Hakuna kipimo kingine cha kawaida kinachomfikisha mwanafunzi kwenye hesabu hii kwa njia fupi hivi.

Sasa upande wa pili, ambao una nguvu zake. COD huchemsha sampuli pamoja na potasiamu daikromati na asidi ya salfuriki kali kwa nyuzijoto 150 kwa saa mbili. Haitegemei afya ya bakteria, na hurudiwa kwa uhakika zaidi. Mwendeshaji wa mtambo wa kusafisha majitaka akisubiri BOD, maji aliyoyapima yameshatoka siku tano zilizopita. Kwa uamuzi wa leo, BOD haimsaidii, na hapo sina la kuitetea.

Lakini daikromati haichagui. Huunguza karibu kila kitu cha kikaboni, hata nyuzi za mbao ambazo bakteria wa mtoni watachukua muda mrefu sana kuzigusa. Mabaki ya kipimo chenyewe, kwa utaratibu wa kawaida, yana zebaki na kromiamu, kwa hiyo hayamwagwi sinkini.

Udhaifu unaotajwa zaidi wa BOD ni sumu: maji ya kiwandani yenye metali nzito huua bakteria, na BOD hutoka ndogo. Anayepima chupa moja atadanganyika. Anayepima kwa viwango vitatu vya kuzimua ataona BOD ikipanda kila anapozimua zaidi, kwa kuwa sumu inapungua makali. Hiyo ni taarifa ambayo COD haitoi. Amonia nayo ni mtego: kila gramu ya nitrojeni yake hutaka takribani gramu 4.6 za oksijeni ikigeuzwa nitrati, na maji yaliyokwisha kusafishwa huwa na bakteria wa kazi hiyo tayari. Bila dawa ya kuwazuia, mtambo mzuri huonekana mbovu.

Kuna pia ile 20 kwa 30 inayokaririwa: miligramu 20 za BOD na 30 za chembe zinazoelea kwa lita, iliyopendekezwa na tume ya kifalme ya Uingereza mwaka 1912. Wengi husahau sharti lake, kwamba mto uwe na maji safi yasiyopungua mara nane ya yale yanayomwagwa. Kijito kinachokauka kiangazi hakilitimizi, hata mtambo ukifikia 20.

Kwa hiyo BOD isifutwe; ipangiwe kazi yake. Pima zote mbili kwa wiki kadhaa, upate uwiano wa majitaka yako mwenyewe, kisha tumia COD kila siku na BOD kuuhakiki. Majitaka ya majumbani huwa na uwiano wa BOD kwa COD kati ya 0.4 na 0.6, ila usiuazime kwa kiwanda cha karatasi. Uwiano ukishuka ghafla hadi 0.2 na COD haijabadilika, chakula cha bakteria ni kilekile kwa hesabu ya daikromati, lakini wao hawakili. Rudia kwa viwango kadhaa vya kuzimua, kisha fuata bomba kuelekea juu mpaka ujue nani amemwaga nini.