Mafuta ya Upako Yamenifuata Mpaka Leipzig

Jumapili iliyopita nusura niuziwe mafuta ya upako hapa Leipzig. Kichupa cha ukubwa wa kidole gumba, euro 20. Mafuta yenyewe ni ya zeituni ya dukani. Nayajua kwa harufu, ndiyo ninayopikia. Muuzaji ni dada yetu kabisa, kasimama mlangoni mwa ukumbi tunaokodi mchana, Wajerumani wakishamaliza ibada yao. Nilipokataa akanitazama kwa huruma: "Kaka, Ulaya imekupoza."

Sijapoa. Nimeudhika.

Nyumbani Tanzania nilikuwa na jibu rahisi. Watu wanakimbilia maji na mafuta kwa sababu dawa hakuna, daktari yuko mbali, kazi ni ya kujuana. Samunge 2011, kwa Babu wa Loliondo na dawa yake ya kikombe, niliielewa hivyo: kikombe shilingi 500, nani angekataa? Hata Moshi, Februari 2020, watu 20 walipokufa wakigombea kukanyaga mafuta, nilisema ni dhiki. Haya, wa hapa nao? Bima ya afya wanayo. Watoto wanasoma bure. Foleni ni ileile, maombi tu ndiyo yamebadilika: roho ya kunyimwa kibali cha kuishi, laana ya ukoo inayozuia ndoa, jicho baya la mwenzako kazini.

Kwa hiyo dhiki peke yake haitoshi kueleza. Mimi nadhani tunapenda bei. Hapa Sachsen, jimbo lenye mji huu wa Leipzig, ukijiandikisha kuwa Mlutheri, serikali inakukatia kodi ya kanisa, asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, na mchungaji hakuahidi chochote. Wapo wenzetu waliojitoa kanisani kuiokoa hela hiyo, kisha wakanunua vichupa viwili viwili. Basi tatizo si ubahili! Msamaha wa bure unakuacha huna cha kudai. Ukilipa euro 20 umekuwa mteja: una haki zako, una tarehe ya muujiza, una adui mwenye jina. Na adui huyo hawi wewe hata siku moja. Injili inaanza kwa kuniambia mkosaji ni mimi. Mafuta yanaanza kwa kuniambia ni shangazi. Nani asiyependa kuambiwa ni shangazi?

Najua mtakachojibu. "Yakobo 5:14 imetaja mafuta." Imetaja, na imesema wazee wa kanisa waitwe kwa mgonjwa, mgonjwa hakuambiwa aje na pochi. Aliyekuja na pochi ni Simoni wa Samaria, yule mchawi aliyetaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, Matendo 8, na mnajua Petro alimjibu nini. Leso za Paulo zilizoponya wagonjwa? Nionyesheni mstari zilipouzwa.

"Umejiona Mzungu." Jamani! Wazungu waliifanya biashara hii kabla yetu. Johann Tetzel, yule mtawa aliyezunguka akiuza vyeti vya msamaha mpaka Luther akachachamaa mwaka 1517, alifia mji huuhuu ninaoishi, 1519. Na ni misheni ya mji huuhuu iliyotuma watu Kilimanjaro 1893 kutufundisha kwamba neema hainunuliwi. Sisi ndio wajukuu wa somo hilo, si wa Tetzel. Kama kukumbusha hivyo ni kuringa, basi naringa.

"Mbona makanisa yao matupu?" Hapo mmenipata, na inanikera zaidi kwa kuwa ni kweli. Asubuhi kuna wazee wachache, kinanda kitamu mno, na mwezi uliopita tulihubiriwa habari za nyuki. Nyuki! Hiyo nayo ni injili ya namna nyingine, ile ya raia mwema anayetenganisha taka zake. Siku ile niliukumbuka usharika wetu wa nyumbani: bahasha za ahadi, kwaya mbili zisizopatana, mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada, bibi anayebisha bei hata kwa Bwana. Hakuna Mjerumani atakayenifundisha kuimba msalaba kama walivyouimba wale. Ndiyo maana nashindwa kunyamaza ninapoambiwa kwamba walewale, Jumatano jioni, wamejipanga kwa nabii na picha za pasipoti za watoto wao, zipakwe mafuta, wapate viza waje kuishi huku kama mimi.