Sisi wa korosho tusimcheke Andy Ruiz

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 2 Juni 2019, zikiwa siku za mwisho za Ramadhani, nilitoka msikitini Chikongola, hapa Mtwara, nikapitiliza hadi banda la video. New York ilikuwa bado Jumamosi usiku. Anthony Joshua, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, bondia aliyekuwa hajapoteza pambano hata moja, amesimama mbele ya mtu ambaye kitambi chake kilitikisika kila akipiga hatua. Banda zima tulicheka. Raundi ya tatu yule mnene akaangushwa, wengine wakaanza kutafuta kandambili zao. Akainuka. Raundi ileile akamwangusha Joshua mara mbili, na katika ya saba mara mbili tena, refa akasimamisha pambano.

Huyo ndiye Andy Ruiz. Usiku ule haukuwa hata wake: aliyepangwa ni Jarrell Miller, ambaye vipimo vilimkuta na dawa zilizokatazwa, Ruiz akaitwa zikiwa zimebaki wiki chache tu.

Mkataba ulikuwa na kifungu cha marudiano. Tarehe 7 Desemba, huko Saudi Arabia, Ruiz alipanda mizani akiwa na kilo zaidi ya 128, wakati pambano la kwanza alikuwa na 121 na ushee. Joshua yeye alikuja amepungua, akamzungusha raundi zote 12 na kushinda kwa pointi. Ruiz hakumsingizia mtu. Alikiri kwamba miezi mitatu ya sherehe ndiyo iliyomponza.

Mjini kwetu ikawa kicheko. "Kalewa pesa yule!" Na Desemba ni katikati ya minada ya korosho, yaani tuliyasema hayo tukiwa na fedha za msimu mfukoni.

Bondia hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Anapigana mara mbili kwa mwaka, pengine mara moja. Fedha inaingia kwa mkupuo. Kocha anachukua chake, kwa desturi asilimia 10, meneja chake, kodi nayo inakata. Kinachobaki kinatakiwa kimfikishe kwenye pambano lijalo, ambalo hajui litakuja lini wala dhidi ya nani. Kuna tofauti gani na sisi? Tunauza kuanzia Oktoba, malipo yanaingia kwa wiki chache, na ikifika Juni mtu hana hela ya kuhudumia mikorosho, anaanza kuuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, korosho ambazo bado ni maua mtini.

Mjomba wangu wa Tandahimba aliuza vizuri sana mwaka 2017, msimu ambao kilo ilipita shilingi 4,000 mnadani. Alinunua pikipiki, akaezeka bati, akawafanyia watoto sherehe ya jando iliyokusanya vijiji vitatu. Katikati ya mwaka uliofuata alikuja kwangu Mtwara kukopa. Nilimkasirikia, na leo ninajuta. Mtu huyu amelima tangu ujana wake bila kuwahi kushika mafungu kama yale. Nani alimkalisha chini akamwonyesha namna ya kuishi nayo? Ruiz naye ni mtoto wa fundi ujenzi. Ndani ya usiku mmoja akawa bingwa, akazungukwa na watu wa kushangilia naye, na siku zikawa zinahesabika kuelekea marudiano.

Simwondolei lawama. Kilo saba hazikujibandika zenyewe, na kocha wake Manny Robles ndiye aliyekuja kuachishwa kazi. Ila ningependa mapromota wa hapa nchini wamlipe bondia kwa mafungu, sehemu usiku wa pambano na sehemu miezi inayofuata, kabla kijana wetu mwingine hajamaliza jasho lake kabla ya Pasaka.

Wengi waliomcheka hawakufuatilia kilichoendelea. Mei 2021 alirudi amepungua, akaangushwa na Chris Arreola raundi ya pili, akainuka na kushinda. Mwaka uliofuata alimwangusha Luis Ortiz mara tatu. Kisha Agosti 2024, Los Angeles, akakutana na Jarrell Miller, yuleyule ambaye nafasi yake ndiyo iliyomfungulia mlango miaka mitano nyuma. Walitoka sare.

Nilimpigia mjomba kumpa habari. Alikuwa shambani anafyeka chini ya mikorosho. "Yule mnene bado anapigana?" akauliza. Nikamwambia, ndiyo mjomba, bado yumo.