Mtoto hasukumwi majini

Siku za Idi na likizo za Desemba, mabwawa ya hoteli za Nyali na Bamburi hapa Mombasa hujaa watoto, na hakosekani mjomba anayeamini kwamba dawa ya woga ni kumbeba mtoto na kumtupa kwenye kina. "Mwache, atajua mwenyewe." Mtoto anazama, anakunywa maji, anatolewa akikohoa na kulia, na watu wazima wanacheka. Mimi hunichoma roho. Mtoto yule hajafundishwa kuogelea hata kidogo. Alichojifunza ni kwamba maji hukaba pumzi, na kwamba mkono aliouamini ndio uliomtupa.

Wanaotetea desturi hii husema wazee wetu walijifunza hivyo hivyo. Si kweli kwa wengi wao. Mtoto aliyekulia Mji wa Kale au Likoni alianza kuchezea vidimbwi maji yalipokuwa yamepwa, akazoea maji ya vifundo, kisha ya magoti, huku kaka na binamu zake wakiwa karibu, na hakuna aliyemhimiza afanye haraka. Bahari ilimpa masomo kidogo kidogo. Waliotupwa wakajua ndio tunaowasikia wakisimulia. Waliotupwa wasirudi hawana wa kuwasimulia.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu sisi ni watu wa kisiwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe na watu 272 wakapoteza maisha. Sidai kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote. Feri ikipinduka na umati ndani, mambo ni mengine. Lakini mji uliozika watu kiasi kile hauna haki ya kuona kuogelea ni anasa ya watoto wa hotelini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Basi tuanzie wapi? Anzia bafuni. Mmwagie mtoto kopo la maji begani, kisha kisogoni, kisha utosini, ukimhesabia moja, mbili, tatu kila mara ili ajue maji yanakuja. Mwache ajimwagie mwenyewe. Mpe beseni apulize mapovu, na umfundishe kuvuma "mmm" mdomo ukiwa umefungwa, maana pumzi inayotoka puani huzuia maji kuingia. Mtoto asiyestuka maji yanapomgusa uso ameshavuka nusu ya safari kabla hajaliona bwawa. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu: kile unachokiona wewe ni maji ya mapajani, yeye kinamfika kidevuni. Ukifika bwawani ingia naye, uchuchumae mpaka macho yenu yawe sawa.

Linalofuata ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ndilo wengi huliruka. Kabla ya kupiga mateke, kabla ya mikono, mtoto ajue kuelea chali na kusimama tena. Mlaze, kichwa chake kikiegemea bega lako, kiganja chako kikiwa chini ya mgongo. Masikio yakiingia majini sauti za watu hupotea, na hapo ndipo wengi hukakamaa. Mwambie mapema kwamba hatasikia vizuri, na uso wako uwe pale anapoweza kuuona. Kitovu kikiinuka na kidevu kikitazama juu, mwili huelea wenyewe. Sasa mwonyeshe kurudi: avute magoti kifuani, alete kichwa mbele, asukume maji kwa viganja, ashushe miguu mpaka ikanyage. Rudieni mpaka awe anakucheka. Woga wa mtoto mara nyingi ni kutojua atasimamaje tena. Akishajua njia ya kurudi, ataanza kukuomba umwachie.

Baada ya hapo, aruke kutoka ukingoni ukiwa mbele yake, ageuke, aufuate ukingo na kuushika. Ruka, geuka, shika. Mchezo huu unaweza kumwokoa mtoto aliyeteleza akaangukia bwawani.

Maboya ya mikononi siyapendi. Humsimamisha mtoto wima majini, wakati kuogelea ni kulala, na humfanya aamini anaelea wakati kinachoelea ni plastiki. Siku yakivuliwa, naye amesahau kwamba yamevuliwa, huingia majini kwa ujasiri ule ule. Tyubu za kukodi kule ufuo wa Pirates nazo ni za kuchezea, si za kuokoa. Mtu mzima awe umbali wa mkono, simu ikiwa mfukoni, kwa sababu mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Pumzi ya kupigia kelele hana.

Dakika ishirini au thelathini zinamtosha mdogo. Miezi ya upepo wa kusi maji ya asubuhi huwa baridi, na mtoto anayetetemeka hasikii somo, mpeleke alasiri. Wala usimlinganishe na mwenzake. "Mwone mdogo wako anaweza" ni maneno yanayoumiza, na mtoto aliyeaibishwa huficha woga wake badala ya kukuambia.

Akishalimudu bwawa, usimwachilie baharini. Bamvua hapa hupandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita tatu, na mkondo wake ni kitu ambacho bwawa halikumfunza.

Kuna wanaoachwa nyuma kabisa, nao ni wasichana. Wakiwa wadogo huogelea na kaka zao. Wakifika miaka minane au tisa huitwa waketi pembeni washike mataulo. Tunapenda kuinukuu kauli inayonasibishwa na Sayyidna Umar, khalifa wa pili wa Waislamu, kwamba wafundisheni watoto wenu kuogelea, kisha tunaisoma kana kwamba imetaja wavulana peke yao. Sitara si kizuizi. Nguo za kuogelea zinazofunika mwili zipo madukani. Kinachokosekana ni nafasi. Wenye mabwawa mkitenga asubuhi, kwa muda wa saa mbili, kila wikendi kwa wanawake na mabinti, mwalimu akiwa mwanamke, mwokoaji akiwa mwanamke na ada ikiwa ya kumudu mtu wa Kisauni au Majengo, akina mama watakuja na mabinti zao, na wengi wao watataka kufundishwa pia.