Nani Kasema Postikadi ni ya Wageni?

Kuna mwezeshaji mmoja wa semina za wajasiriamali amenikera, na kwa kuwa pale ukumbini hakunipa nafasi ya kumjibu, namjibu hapa. Kila mshiriki alisimama akaeleza anachofanya. Zamu yangu ilipofika nikasema nachapa postikadi za oda hapa hapa Bagamoyo: mteja analeta picha yake na maneno yake, mimi nachapa, naandika anwani, nabandika stempu, napeleka posta. Akanikatiza. "Dada, mteja wako ni mzungu. Mswahili hanunui kadi, ana WhatsApp. Hamia Zanzibar au Arusha." Ukumbi ukacheka, yeye akaendelea na mama wa sabuni za maji.

Hilo la Mswahili hanunui kadi ndilo lililoniuma, kwa hiyo naanza nalo.

Huyo Mswahili anayesemwa ndiye aliyekuwa ananunua kadi za salamu za Radio Tanzania. Anajaza majina ya ndugu, jirani na wafanyakazi wenzake mpaka nafasi inaisha, anaitia posta, halafu halali mbali na redio akisubiri isomwe. Kulikuwa na watu wanajulikana nchi nzima kwa kutuma salamu tu. Ndiye huyo huyo anayechapisha kadi za mchango wa harusi, za kipaimara, za arobaini ya mtoto, na kuzigawa mkono kwa mkono ofisi hadi ofisi. Miaka ya 1990, Idd ikikaribia au Krismasi ikikaribia, steshenari zilijaa kadi mpaka kwenye kamba za nguo, na watu walikuwa wanachagua kwa makini kama wanaochagua kanga. Asiniambie mtu kwamba hatuna mazoea ya kadi. Tulichokosa ni mtu wa kutuchapia zilizo zetu, zenye sura zetu, kwa bei ya mtu wa kawaida.

Halafu kuna jambo ambalo yule bwana hawezi kulijua kwa sababu hakuuliza. Wateja wangu wa uhakika ni wazazi wenye watoto bweni. Mwanafunzi wa sekondari haruhusiwi kuwa na simu shuleni; akikutwa nayo inachukuliwa, na shule nyingine anarudishwa nyumbani akamlete mzazi. Hiyo WhatsApp anayonitajia inaishia getini. Mzazi wa Bagamoyo mwenye mtoto Songea au Tabora anamsikia mwanawe kwa simu ya matroni, dakika chache, foleni ya wenzake nyuma, matroni mwenyewe amesimama pale pale. Utamwambia nini mtoto kwa mtindo huo? Unamuuliza kama anakula, anasema anakula. Unamuuliza kama anaumwa, anasema haumwi. Anakwambia hela ya matumizi imeisha, simu inakatwa. Mpaka likizo.

Mama mmoja anakaanga samaki kule soko la samaki ufukweni. Alikuja dukani jioni, karai keshaliosha, na picha hana. "Mwanangu, nimesikia unatuma kadi zenye picha. Nataka mwanangu anione." Nikamwambia nitamfuata sokoni kesho yake nimpige nikiwa na mwanga mzuri. Nilipofika akanisimamisha kwanza. Alikubali kupigwa picha kwenye karai lake, lakini akabadilishe kanga, maana hawezi kwenda shuleni kwa watu na kanga ya mafuta. Akarudi na doti mpya, akajifunga vizuri, akashika ule upawa wake wa matundu akaniangalia. Ni moja ya picha nzuri nilizowahi kupiga.

Maneno aliyasema yeye, mimi naandika. Mwanangu, baba yako mguu umepona, ameanza kwenda baharini. Vibua vimerudi. Mbuzi wa bibi yako kazaa wawili. Hesabu usiiogope. Akaniambia nimsomee. Nilipofika mwisho akanizuia: hapo pa hesabu futa, andika "hesabu jitahidi", kwa sababu neno la kuogopa litampa mtoto wazo la kuogopa. Nikafuta. Kijana alipokuja likizo, mama akanisimulia kwamba kadi imebandikwa ndani ya mfuniko wa tranka, kwa dawa ya meno, na kila akifungua tranka kuchukua sabuni anamkuta mama yake.

Nauliza, huyo si mteja? Amelipa bei ile ile anayolipa mgeni. Na ameleta wenzake wa sokoni, jambo ambalo hakuna mgeni amewahi kunifanyia.

Tena postikadi ina faida ambayo barua haina. Shule nyingine barua za wanafunzi hufunguliwa na mwalimu kabla ya kugawiwa. Kadi iko wazi tayari, mwalimu wa zamu anaisoma kwa jicho moja anaipitisha. Wazazi wanalijua hilo, kwa hiyo ya siri hawayaandiki pale. Wanaandika ya nyumbani: nani kaoa, mvua imeanguka, mnazi upi umeanguka na mvua. Mwenye neno zito namwekea kadi ndani ya bahasha na stempu inakaa juu ya bahasha. Sioni ugumu wowote.

Kazi yenyewe si lelemama, na nasema hivi kwa sababu kuna wanaodhani ni kubonyeza printa. Kadi yangu ni milimita 105 kwa 148, karatasi ngumu ya gramu 300. Ili picha itoke safi kwa saizi hiyo inatakiwa iwe na nukta kama 1,240 kwa 1,748, na picha nyingi ninazotumiwa zimeshapita kwenye magrupu matatu zikabanwa mpaka uso wa mtu umekuwa vigae. Kila siku narudia wimbo mmoja: nitumie kama dokumenti, usinitumie kama picha. Kisha picha lazima izidi milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikiteleza kidogo unabaki mstari mweupe pembeni. Na hapa tuko pwani. Karatasi iliyoachwa wazi usiku mmoja wakati wa masika asubuhi imejikunja kama jani, printa inaitafuna. Stempu zinagandana zenyewe kwa zenyewe. Nimejifunza kuhifadhi kila kitu kwenye ndoo zenye mifuniko inayobana. Mgongo wa kadi nao usiwe wa kung'aa, kwa sababu biro inateleza na muhuri wa posta unapakazika. Kuna wachapaji wanauza kadi zinazong'aa pande zote mbili. Kadi hiyo huwezi kuiandika, na kadi usiyoweza kuiandika inamsaidia nani?

Wanaoniambia "niandikie tu kitu kizuri" nawakatalia. Maneno yawe yako.

Nirudi kwa mwezeshaji, maana kuna kingine kinachonikaa rohoni. Alisema kama vile postikadi ni kitu tulichozoea kuwauzia wageni, na sisi wenyewe tumo ndani yake kama pambo. Kwa kweli ndivyo ilivyoanza hapa. Postikadi ya kwanza ilitolewa Austria mwaka 1869, Mjerumani akafungua posta Bagamoyo mwaka 1890, na miaka iliyofuata kadi za mji huu zikawa zinasafiri kwenda Ulaya na meli. Zipo hadi leo kwa wanaozikusanya, ukizitafuta mtandaoni utaziona. Boma lililojengwa 1897 limeandikwa jina. Misheni imeandikwa jina. Barabara imeandikwa. Mwanamke aliyesimama mlangoni amevaa kaniki, mpagazi aliyejitwika mzigo, watoto waliopangwa mstari ufukweni, wengi wao hawana majina. Chini kumeandikwa kabila, au kazi, au "wenyeji" tu. Aliyeandika nyuma ya kadi alikuwa mwingine, na aliyepokea alikuwa mwingine. Wale watu walikuwa na majina. Mtu akiwauliza wangeyasema. Huenda wengine ni bibi zetu wa kuzaa na hatutawajua kamwe, na hili linaniuma kila ninapozitazama kadi hizo.

Kwa hiyo mimi kila kadi inayotoka kwangu naandika chini ya picha, kwa herufi ndogo, jina la aliyepigwa kama ameridhia, na mahali. Mama wa samaki alitaka jina lake kamili na la baba yake. Mzee mmoja anayechonga ngoma alitaka liandikwe na jina la aliyemfundisha. Vijana wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, wanataka majina yao ya jukwaani. Nikiambiwa nihamie Arusha nikauze simba na Mmasai asiye na jina, najua naambiwa nirudi kule kule tulikotoka. Sitahamia.

Kuhusu anwani, ndiyo, ni tatizo, sitabisha. Wengi wetu hatuna sanduku la posta, tunatumia S.L.P. ya shule, ya msikiti, ya parokia, ya kazini kwa shemeji. Lakini operesheni ya anwani za makazi ya 2022 imeacha namba kwenye milango na nguzo za majina ya barabara mpaka vichochoroni, na watu wanazipita kila siku bila kuzisoma. Mteja akija nauliza namba ya nyumba ya anayetumiwa. Wengi hawaijui, wanapiga simu kuuliza, na huko upande wa pili mtu anatoka nje na kuusoma mlango wake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Naziandika zote, pamoja na S.L.P. na jina la mwenye sanduku.

WhatsApp ni ya haraka kuliko mimi. Hilo halina mjadala, na mimi mwenyewe oda zangu zinaingia huko. Nakubali pia, shingo upande, kwamba wageni wanaopita Ngome Kongwe na Kaole wananisaidia kulipa kodi ya fremu, hasa kuanzia Juni. Mgeni hapunguzi bei. Ila aprili yote mvua ikinyesha hayupo, na 2020 ugonjwa ulipofunga viwanja vya ndege hakuwapo kabisa. Mzazi mwenye mtoto bweni yupo mwaka mzima. Ukiwa na biashara ndogo, wa kumjengea meza ni yule aliyepo mwaka mzima, na semina za wajasiriamali zingeanzia hapo badala ya kutufundisha kusubiri mabasi ya watalii.

Sasa la kufanya. Kidato cha nne wanaingia kwenye mtihani wa taifa Novemba. Mwenye mtoto au mdogo wake bweni alete oda Septemba, ikichelewa sana mwanzoni mwa Oktoba, kwa sababu kadi inaweza kukaa shuleni siku kadhaa kabla ya kugawiwa, na ya kumtakia heri ikifika mtihani umeisha haina kazi. Leta jina kamili la mtoto, kidato, mkondo na S.L.P. ya shule. Picha itume kama dokumenti. Asiye na picha namfuata alipo, sokoni, shambani, kwenye kijiwe cha bodaboda, popote ndani ya mji, bila nyongeza. Asiyejua kuandika aje tu, nitaandika anavyosema, na nitamsomea hadi aridhike.