Taa ya Caps Lock

Niliandika draiva. Si dereva, draiva: ile programu inayokaa ndani ya kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, na kuongea na kifaa. Kifaa chenyewe kilikuwa kitaa cha USB, kidogo kama kifuniko cha chupa, na nilitaka kimemete chekundu kila programu zetu zinapogoma kujengeka. Kazi hiyo ingefanywa na skripti ya mistari kumi nje ya kerneli, bila kumsumbua mtu. Nililijua hilo. Lakini mtu akishaitwa fundi mara mbili tatu, huanza kutafuta pa kuonyeshea.

Sasa, programu ya kawaida ikikosea hufa peke yake, majirani wakaendelea na shughuli zao. Draiva ikikosea ndani ya kerneli huzama na jahazi zima, abiria, mizigo na nahodha.

Wiki nzima niliijaribu kwenye mashine yangu. Chomeka, chomoa, chomeka, chomoa. Safi kabisa. Siku ya maonyesho bosi akasema tutumie laptopu yake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeunganishwa na projekta. Nayo ilikuwa ya mfumo endeshi wa Linux kama zetu, ila yeye ni mtu wa kufungua kila kitu na kutofunga chochote: vichupo vya kivinjari visivyohesabika, na nyuma yake jedwali la bajeti alilohangaika nalo tangu asubuhi.

Nikachomeka. Kitaa kikamemeta. Watu wakapiga makofi, si mengi, lakini yalitosha kunipotosha.

"Na sasa angalieni," nikasema kwa sauti ya mfanya mazingaombwe, "naweza kukichomoa wakati wowote na mashine isijue." Nikakichomoa kwa vidole viwili, huku nimeinua mkono juu.

Mashine ilijua. Mshale wa kipanya ukagoma pale pale ulipo. Projekta ikabaki na picha moja tu, kama ya ukutani. Kimya. Kisha bosi akainama juu ya kibodi yake.

"Fundi, taa inamemeta kweli. Ila mbona ni hii yangu ya Caps Lock?"

Wasiojua: Linux ikifikia hatua ya kukata tamaa, inayoitwa panic, humemetesha taa za kibodi. Skrini inaweza kuwa haisikii tena, basi hiyo ndiyo njia yake ya kupunga mkono ikizama.

"Jedwali ulikuwa umelihifadhi?" nikauliza. Lilikuwa swali baya.

Jambo la kwanza nililofanya ni lile linalofanywa na kila mwandishi wa draiva mwenye heshima zake: nilimlaumu mwingine. Nikasema memori ya laptopu ni mbovu. Nikaiacha inapimwa na Memtest86+ usiku kucha. Asubuhi: hakuna kosa hata moja. Nikasema basi ni waya wa kitaa. Kitaa hakina waya.

Nikaweka printk kwenye msimbo wangu, mstari wa kuandika "nipo hapa" ili nijue imefika wapi kabla ya kufa. Hitilafu ikatoweka. Kumbe ule mstari ulichelewesha mambo kidogo tu, basi ajali ikawa inapishana na gari. Mimi nikauacha humo na kutangaza kwamba nimetengeneza. Kesho yake Caps Lock ikaanza tena.

Safari hii niliipata ikiwa kwenye skrini ya maandishi, nikapiga picha. Chini kabisa: "Kernel panic - not syncing: Fatal exception in interrupt". Juu yake msururu wa majina ya funksheni, vile vijisehemu vya programu, na hakuna hata moja langu! Yote yalikuwa ya sehemu ya kerneli inayosimamia taima, zile saa za kengele za ndani ya programu. Nilifurahi kiasi cha kuaibisha. Nikakaa chini nikaandika barua kwa watunzaji wa kerneli, aya nne, zenye adabu lakini zenye uchungu, nikiwajulisha kwamba taima zao, zinazotumika kwenye seva na simu za dunia nzima, zina kasoro ambayo mimi na kitaa changu tumeigundua.

Barua haikutumwa kwa sababu ya kijana mmoja wetu wa ofisini. Alisoma nusu, akanitazama. "Kaka, kabla hujabonyeza, hebu iwashe mashine ukiweka slub_debug=P."

Nikaiwasha. Nikachomoa kitaa. Ikaanguka papo hapo, bila ajizi, na rejista, vile visanduku vidogo vya namba ndani ya prosesa, zikajaa hivi: 6b6b6b6b6b6b6b6b.

"6b ni herufi gani kwenye ASCII?" akauliza, ingawa alijua.

Ni k, kwa lile jedwali la kubadili namba kuwa herufi. Kerneli ilikuwa inaniandikia kkkkkkkk. Nilikuwa sijawahi kuchekwa na mfumo endeshi.

Maana yake ni hii. Ukiiwasha kwa namna hiyo, kila kipande cha memori kinachorudishwa hupakwa 6b mwanzo hadi karibu na mwisho, na baiti ya mwisho hupakwa a5. Anayekigusa baada ya hapo hukutwa na rangi mikononi. Na mimi nilikuwa nimelowa rangi. Draiva yangu ilikuwa na taima inayolia mara 4 kwa sekunde, na taima hiyo ilikaa ndani ya kipande kile kile nilichokirudisha kwa kfree kitaa kinapochomolewa. Nilirudisha ufunguo kwa mwenye nyumba, nikamwacha mtoto ndani akiendelea kupiga ngoma. Kwenye mashine yangu, isiyo na pilikapilika, chumba kilikaa wazi, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Kwa bosi, mpangaji mpya aliingia kabla ya robo sekunde kuisha.

Na zile chomeka-chomoa zangu za wiki nzima? Kila moja iliacha taima inayozurura. Nilikuwa nafanya kazi juu ya mizimu na kuisifu kwa utulivu.

"Microsoft walisema mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 70 ya mianya ya usalama wanayoiziba kila mwaka ni ya memori namna hii," kijana akasema. Takwimu hiyo nilikuwa naijua. Siku zote nilijihesabu kwenye ile 30. Akaongeza kwamba Rust, lugha nyingine ya kuandikia programu, imo ndani ya Linux tangu toleo la 6.1, Desemba 2022, na kwamba kikusanyaji chake, kinachogeuza msimbo kuwa programu, kingenikatalia kosa hili mapema. Nikamwambia mimi naandika lugha ya C tangu yeye hajui kufunga kamba za viatu. Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, hata mimi sikuyapenda.

Nikaweka del_timer kabla ya kfree. Ikaanguka tena, mara chache zaidi. Hiyo huifuta taima iliyo kwenye foleni, lakini haisubiri ile ambayo tayari inakimbia kwenye kiini kingine cha prosesa. Ya kusubiri ina neno sync mwishoni. Herufi nne, nilizoziruka kwa sababu nilidhani ni mapambo.

Mwishowe tukawasha KASAN, kipelelezi cha memori kilichoingia kerneli mwaka 2015. Hicho hakina haya. Kilitoa ripoti: kipande kilichukuliwa na probe yangu, ile ya wakati wa kuchomeka, kikarudishwa na disconnect yangu, ile ya wakati wa kuchomoa, kikaguswa na taima yangu. Hati ya mashtaka ambayo mlalamikaji, mshtakiwa na shahidi ni mtu mmoja. Nikaifuta ile barua.

Maonyesho ya pili yakaja. Msimbo ulikuwa umetulia. Usiku uliotangulia nilikichomoa kitaa hadi tundu la USB likalegea. Bosi alifunga laptopu yake na kuikalia. "Tumia yako."

Nikachomeka, kikamemeta chekundu, kizuri mno. Nikainua mkono na kukichomoa. Hakuna aliyekitazama. Wote, bosi akiwa mbele, walikuwa wameinama juu ya kibodi yangu, macho kwenye Caps Lock.